Koti la Kiraka cha Njano

Kila aliyemwona Bigirimana akipita na nyundo na patasi yake alidhani yeye ndiye wa kwanza duniani kumwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye alicheka kila mara, kwa adabu, kama mtu anayesikia jambo jipya. Pale Gatsata alikopanga, juu ya barabara ya Nyabugogo, majirani walimwita Bwana Ufa. Akipita walitania, "Ficheni kuta zenu, Bwana Ufa anazitazama!" Na kweli alizitazama. Hakuweza kuingia nyumba ya watu bila macho yake kutembea chini ya dirisha na kwenye maungio ya sakafu, hata kama amekuja kuhani msiba.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, wazazi wake wakiwa wamevuka mpaka zamani kutafuta maisha. Huko ndiko alikojifunzia Kiswahili na kazi ya zege. Alihamia Kigali akiwa mtu mzima, na Kinyarwanda chake kilibaki na ladha ya Kirundi ambayo hakuna aliyeijali, miaka ile watu walipokuwa bado hawajaanza kupimana lafudhi. Alimwoa Nyirahabimana, mwanamke wa rozari na maneno machache. Koti la kazi la mumewe lilipotoboka kiwikoni, Nyirahabimana alilitia kiraka cha kitenge chake cha njano. Majirani wakapata tena la kutania. Bigirimana akalivaa hivyo hivyo, na akalipenda kuliko lilipokuwa jipya.

Rafiki yake mkubwa alikuwa tajiri, na hapo ndipo penye kisa. Jean-Berchmans aliuza sukari, chumvi na vitenge kwa jumla. Alikuwa na duka mjini na nyumba Kiyovu, kwenye majumba ya zamani yenye bustani. Walijuana siku Bigirimana alipomzibia tangi la maji dukani, na tangu hapo tajiri yule hakumwacha. Alikuja kumtazama akifanya kazi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali yake ya pasi ikiingia vumbi, akaagiza urwagwa, pombe ya ndizi, wakainywa kwa mirija miwili katika mtungi mmoja. Alimwita mon frère mbele ya wateja. Tajiri kumwita fundi ndugu yake mbele ya watu si jambo la kila siku, na Bigirimana, ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja Kigali, alilimeza neno lile zima zima.

Chini ya nyumba ya Kiyovu kulikuwa na ghala la zege lililochimbwa ndani ya mteremko. Wenyewe waliliita kave. Kigali ni vilima, na mvua ikishanyesha maji hayaishii barabarani. Huzama mlimani, hushuka taratibu, na yakikutana na ukuta huanza kuupapasa yakitafuta mlango. Mwezi wa Septemba mwaka wa tisini Jean-Berchmans alimshika Bigirimana mkono, akamshusha ngazi, akamwonyesha magunia ya sukari yaliyoloa chini na kugeuka mawe.

"Bigiri, maji iko naingia kila pahali. Funga yote. Sitaki kuona hata tone."

"Yote kwa mara moja haiwezekani, Patron."

"Usiniite Patron. Mimi iko ndugu yako."

"Haya, ndugu yangu. Maji ukiyafungia njia zote siku moja, yatakuvunjia ukuta. Tuyape mlango mmoja kwanza, halafu tutayafungia madirisha."

Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Hakugusa ufa mkavu. Alingoja mvua za kwanza, akakaa kwenye kave na taa mkononi akiutazama ukuta ukitokwa jasho, mpaka akajua maji yanapenda kupita wapi kuliko kwingine. Palikuwa pembeni, karibu na sakafu. Hapo alichimba shimo, akatia bomba la kuyatoa maji hadi kwenye mfereji wa nje. Kisha akaanza kuzipasua nyufa nyingine kwa patasi, moja moja, akizipanua ndani kuliko nje ili saruji ishike isitoke, akizisafisha, akizilowanisha, akizishindilia. Nyundo ililia kutwa nzima chini ya nyumba ile.

Kazi ilikuwa haijaisha vita vilipozuka mpakani, mwanzoni mwa Oktoba. Haukupita muda, mji mzima ukasikia risasi, na kulipokucha kila mtu alikuwa akimtafuta adui karibu na kwake. Neno ibyitso, yaani wasaidizi wa adui waliojificha mjini, likawa midomoni mwa wote. Watu walikamatwa kwa kuwa na jamaa ng'ambo, kwa kusikiliza redio fulani, kwa kuwa na jirani asiyewapenda. Jean-Berchmans alimpeleka mkewe Kabagwira na watoto kijijini kwa bibi yao. Nyirahabimana naye alimsihi mumewe akae nyumbani.

"Ukuta nimeufungua," alijibu Bigirimana. "Siwezi kuuacha wazi na mvua imeanza."

Jioni moja alikuwa ametia saruji mbichi kuzunguka lile bomba. Saruji mbichi hufunikwa kwa kitu chenye maji, isije ikakauka haraka ikapasuka, na gunia siku hiyo hakuwa nalo. Akavua koti lake, akalichovya kwenye ndoo, akalitandaza pale juu. Mwiko wake akauacha chini yake. Akatoka na shati tu. Karibu na Nyabugogo palikuwa na kizuizi cha askari. Alipoamkia tu, neno la Kirundi likamponyoka, nao wakamvuta pembeni.

"Wewe iko na simenti mpaka kwenye nywele. Iko nachimba nini?"

"Sichimbi, afande. Naziba nyufa kwenye kave, kule Kiyovu."

"Kave ya nani?"

Na hapa Bigirimana alifanya kosa ambalo ni mtu mwenye rafiki mkubwa tu angeweza kulifanya: alilitaja jina la Jean-Berchmans kwa furaha. Alilitoa kama mtu anayetoa ufunguo mfukoni.

Walimlaza kwenye uwanja wa mpira pamoja na umati wa watu, kisha wakampeleka gerezani. Ofisa aliyemhoji alikuwa na jambo moja kichwani: watu wamesikia nyundo chini ya ardhi Kiyovu, na hiyo haikosi kuwa mahali pa kuficha silaha. Bigirimana alikaribia kucheka.

"Nendeni mkatazame," alisema. "Mtakuta bomba linatiririka, na juu yake koti langu. Lina kiraka cha njano kiwikoni."

Ofisa yule aliporudi kwa Bigirimana alikuwa amefura kwa hasira. "Hakuna bomba. Hakuna koti. Ukuta mweupe, msafi. Na mwenye nyumba anasema hajawahi kukuona maishani mwake."

Wakampiga kwa uongo huo. Siku nyingine wakaja na maneno matamu: aseme tu kwamba Jean-Berchmans ndiye aliyemtuma kuchimba, naye atalala kwake leo leo. Bigirimana alikataa. Alisema yule ni mtu mwema, muuza sukari, ndugu yake, na ukuta wake unavuja, basi. Alirudishwa selo meno yakiwa yamepungua.

Aliyelala ubavuni pake alikuwa mwalimu aitwaye Mutsinzi, mtu mpole aliyekamatwa kwa sababu ambazo mwenyewe hakuzijua. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia taratibu, "Bigirimana, rafiki yako amekukana."

"Wanadanganya. Hawakwenda. Ndiyo kazi yao, kutugombanisha."

"Na kama walikwenda?"

"Wangeliona koti."

Waliligombania jambo hilo mara nyingi, na kila mara Bigirimana alimtetea Jean-Berchmans kwa sauti iliyopanda, mpaka wafungwa wengine wakalijua jina lile kama la mtakatifu wa selo yao. Mutsinzi alikufa kwa kuhara, damu ikimtoka, na hakuwa amebadili maneno yake. Bigirimana alimfumba macho akiwa bado amemkasirikia.

Huku nje, Nyirahabimana alikuwa mjamzito. Alipeleka chakula kwenye lango la gereza, akapanga foleni na wake wengine, na akitoka hapo alipanda Kiyovu kumwangukia Jean-Berchmans miguuni. Jean-Berchmans alimwinua.

"Shemeji, usilie. Mimi iko natembea ofisi yote kwa ajili yake," alimwambia, machozi yakimlengalenga, akamjazia kikapu sukari na maharage. Machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Kwa desturi, siku ya kumpa mtoto jina watoto wa jirani huitwa wakalishwa, kila mmoja akapiga kelele ya jina alilolipenda, na mwisho baba ndiye anayekata shauri. Baba hakuwapo. Nyirahabimana akamwomba Jean-Berchmans asimame mahali pake. Akasimama. Akampokea mtoto mikononi, akamwita Ishimwe, jina la kushukuru. Baadaye akawa pia baba yake wa ubatizo. Tangu hapo mama yule hakumaliza rozari bila kulitaja jina la Jean-Berchmans.

Masika iliyofuata wafungwa wengi waliachiwa bila maelezo, kama walivyokamatwa, Bigirimana miongoni mwao. Jean-Berchmans alikuja Gatsata Jumapili ya kwanza, akamkumbatia Bigirimana mbele ya majirani mpaka mbavu zikamuuma.

"Nilitembea ofisi yote, mon frère. Yampaye inka!" aliapa, kiapo cha kumtaja aliyekupa ng'ombe. "Na hakuna mtu hata moja alikuja kwangu kuuliza."

Bigirimana aliinua macho juu, akamwambia marehemu Mutsinzi moyoni: umesikia? Kisha akampakata mtoto wake, akamwita kwa jina alilopewa, akaona ni jina zuri.

"Na kave?" aliuliza. "Niliiacha nusu."

"Iliisha zamani. Mafundi wengine walimaliza. Wewe pumzika tu."

Sasa, Wanyarwanda wana sheria ambayo haihitaji askari: aliyetendewa hurudisha. Aliyepewa ng'ombe huja siku moja na ndama akasema, huyu hapa, sikusahau. Wanaita kwitura, na asiyeitura watu humtazama kwa jicho baya hata wasiposema. Bigirimana hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na fadhila za sukari, za maharage na za jina la mtoto, na zilimkalia moyoni mwaka mzima.

Vuli ya pili tangu aachiwe ilipofika, akakutana na Kabagwira, mke wa Jean-Berchmans, baada ya misa. Mama yule alilalamika kwamba kave imejaa maji kuliko zamani, na mumewe hataki fundi yeyote ashuke kule. "Anasema mafundi ni wezi. Na sasa amekwenda Bujumbura kuleta mzigo, ameniachia bwawa chini ya kitanda."

Bigirimana alifurahi kama aliyepewa zawadi. Kesho yake asubuhi alikuwa Kiyovu, nyundo mkononi. Alimkatalia Kabagwira hata chai. Alitaka Jean-Berchmans arudi akute kave kavu, amuulize mkewe ni nani, naye ajibu: ni ndugu yako.

Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Aliinua taa akatazama pembeni, pale karibu na sakafu. Bomba halikuwapo. Palikuwa na lipu nyeupe iliyovimba tumbo, na ukuta mzima kushoto na kulia umetoa nyufa mpya. Akaipapasa ile lipu. Chini ya chokaa vidole vyake vilihisi mifereji ya vidole vya mtu mwingine. Hakuna fundi anayepiga lipu kwa viganja. Bado hakuwaza baya. Aliwaza, ni matapeli gani hawa waliomwibia ndugu yangu?

Akapiga nyundo. Lipu ikaanguka bonge zima, maji yakamrukia kifuani, na ndani ya shimo akaona kitu laini, cheusi, kimeshindiliwa. Akatia mkono akavuta. Kilikuwa kitambaa. Kikaja kizito, kikaja zaidi, ukaja mkono wa koti, na kwenye kiwiko cha mkono ule palikuwa na kiraka cha njano. Mwiko wake ukaanguka kutoka ndani, umeliwa na kutu.

Bigirimana alikaa chini majini. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo, na yeye alikuwa ameishika nguo yenyewe mikononi. Kwa hiyo walikwenda. Ofisa hakumdanganya. Mutsinzi hakumdanganya. Katika watu wote wa miezi ile, waliompiga walimwambia kweli, na aliyemkumbatia ndiye aliyemdanganya. Alihisi uchungu ambao fimbo za gerezani hazikuufikia, kwa sababu fimbo alizivumilia kwa ajili ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa hapa nyumbani, mikono imejaa saruji, akimfukia.

Alikuwa bado amekaa hivyo gari lilipoingia uani. Sauti ya Kabagwira ikasikika juu, "Bigirimana yuko chini, anakutengenezea!" na Jean-Berchmans akashuka ngazi mbio na nguo zake za safari. Akaliona shimo. Akaliona koti.

"Nani alikuambia uvunje?" alisema.

Bigirimana alimwinulia kiwiko cha koti, kiraka kikichuruzika maji.

"Niliogopa, Bigiri. Jioni ile mtu alileta habari: wamekukamata, umetaja jina yangu. Nilikuwa peke yangu. Nilisema, wakikuta hiyo shimo, mimi iko maiti. Ningefanya nini?"

"Jioni ile uliogopa, nakubali. Mimi pia niliogopa. Na walipokuja ukaogopa, nakubali. Lakini siku zile nyingine zote? Mke wangu alipokuja hapa na tumbo lake?"

"Nilimpa chakula..."

"Ulimpa. Na mwanangu ukampa jina. Umekuja kwangu umeapa mbele ya watu." Alilibana koti kifuani. "Walinitaka nikutaje, Jean-Berchmans. Waliniambia, mtaje yeye ukalale kwako. Nikasema wewe ni ndugu yangu."

Jambo hilo Jean-Berchmans hakulijua. Aliketi kwenye ngazi kama zamani alivyoketi juu ya ndoo, viatu vyake vizuri ndani ya maji, akafunika uso. Kisha akatazama kati ya vidole, akaona maji ya shimoni yanakimbilia upande wa magunia.

"Bigiri," alisema, "sukari."

Hapo ndipo Bigirimana aliposimama. Wengi wangetoka wakamwacha na bwawa lake, na mimi nisingewalaumu. Yeye alilitafuta bomba, akalikuta limetupwa nyuma ya magunia, akalirudisha mahali pake, maji yakashika njia. Akakoroga saruji akaizungushia, akaishindilia, akaisawazisha kwa ule mwiko wa kutu.

"Ukuta haujanikosea kitu," alisema.

Kisha akaliokota koti. Jean-Berchmans alimwona akilikamua, akadhani atalitandaza juu ya saruji kama desturi yake.

"Tafuta gunia lako," alisema Bigirimana, akalivaa bichi hivyo hivyo, akapanda ngazi.

Nyirahabimana alikuwa akichagua maharage mlangoni. Alikijua kiraka kabla ya kumjua aliyekivaa.

"Umelipata wapi?"

"Kiyovu, ndani ya ukuta. Alilizika yeye mwenyewe, jioni ile ile niliyokamatwa. Walipokwenda kuuliza alisema hanijui."

Nyirahabimana hakulia. Aliyatazama maharage ungoni kana kwamba mtu ameyachanganya na mchanga. "Nilimwombea," alisema. "Kila siku, nikipiga magoti, nilianza na yeye. Wewe ulikuwa wa pili."

Jumapili iliyofuata walifanya jambo ambalo Gatsata haikuwa imeliona. Walipika, wakatandika mkeka uani, wakawaita watoto wa jirani waje wampe jina mtoto ambaye ana jina na tayari anatembea. Majirani walitazamana, lakini habari ya koti walikuwa wameshaisikia, na hakuna aliyetania. Watoto wakala, wakapiga kelele ya majina yao. Bigirimana akasimama na koti lake la kazi, siku ya Jumapili, akakata shauri kama inavyompasa baba.

"Ataitwa Mutsinzi," alisema. "Ni jina la mtu aliyeniambia kweli nikamgombeza."

Wakapiga makofi. Mtoto alikuwa mwisho wa mkeka, ameshika mwiko wa baba yake, anauchapa chini. "Mutsinzi!" aliita Bigirimana. Hakugeuka. Aliita Nyirahabimana, akaita kwa sauti ya kubembeleza, hakugeuka. Watoto wote wakaita pamoja wakicheka, naye akaona ni mchezo wa wakubwa usiomhusu, akatupa mwiko, akaanza kwenda yumba yumba kuelekea jikoni, moja kwa moja kwenye mafiga na sufuria inayochemka.

"Ishimwe!" mama yake alipiga ukelele.

Mtoto akasimama papo hapo. Akageuka akicheka, mikono juu, akaja mbio.

Nyirahabimana akajiziba mdomo kwa kiganja. Bigirimana akamnyanyua mwanawe, akamkumbatia juu ya lile koti, na uani kote hakuna aliyejua amwiteje.